Jeni Nzima, Usomaji Tofauti: Udhibiti wa Jeni katika Multipo Sklerosisi

Mheshimiwa mwenyekiti, wahadhiri wenzangu na wanafunzi wa tiba,

Multipo sklerosisi ni ugonjwa ambao seli za kinga hushambulia mayelini, ganda la mafuta linalozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo, hata mgonjwa akaanza kupungukiwa na uwezo wa kuona, kuhisi au kutembea. Wengi huuliza ni jeni ipi iliyoharibika. Kwa maoni yangu swali hilo limekaa vibaya, kwa kuwa jeni nyingi zinazohusika ni nzima. Kinachotofautiana ni namna zinavyosomwa.

Mwaka 2019 muungano wa kimataifa wa watafiti, uliolinganisha wagonjwa zaidi ya 47,000 na watu zaidi ya 68,000 wasio na ugonjwa huo, ulitambua tofauti 233 za kinasaba zinazohusiana na hatari ya kuugua. Yenye nguvu kuliko zote, HLA-DRB1*15:01, aina mojawapo ya jeni ya kinga, huzidisha hatari takriban mara tatu, nayo hugusa umbo la protini yenyewe. Lakini nyingi za zilizobaki zimo katika sehemu za DNA zisizotengeneza protini yoyote, ambazo kazi yake ni kuamua jeni isomwe lini, kwa kiasi gani na katika seli ipi. Na seli zenyewe ni za kinga: seli T, seli B na maikroglia za ubongoni, wala si neva zinazoumia.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa jeni TNFRSF1A, inayotengeneza kipokezi cha TNF, protini inayochochea uvimbe. Jeni inaposomwa hutolewa nakala yake iitwayo RNA, nayo hukatwa vipande na kuunganishwa kabla ya protini kutengenezwa. Herufi moja ya DNA ikiwa G badala ya A, tofauti inayoongeza hatari ya multipo sklerosisi, kipande cha sita huachwa mara nyingi zaidi, na kipokezi kinachopatikana hakina sehemu ya kukishikiza kwenye utando wa seli. Utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kipokezi hicho huweza kuizuia TNF, sawa na dawa za kuizuia. Dawa hizo zimewasaidia wengi wenye baridi yabisi, ambayo hatari yake haiongezwi na tofauti hii. Lakini lenercept, mojawapo ya dawa za kuizuia TNF, ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa multipo sklerosisi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba mashambulizi ya ugonjwa yaliongezeka. Herufi moja ingeweza kutuonya, laiti tungalijua kuisoma wakati ule.

Kuna pia mgeni anayeingilia usomaji huo. Mwaka 2022, uchunguzi wa wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulionyesha kwamba hatari huongezeka mara 32 baada ya kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Virusi hivi hujificha ndani ya seli B, na protini yao EBNA2, ambayo huwasha na kuzima jeni, hukaa kwenye sehemu nyingi zilezile za DNA zenye tofauti za hatari. Kwa hiyo, ninavyoona mimi, anayetafuta sababu ya kinasaba na anayetafuta sababu ya maambukizi wanachunguza swichi zilezile.