Kumpeleka Mtoto Kuwinda Bata Mzinga wa Porini kwa Gharama Ndogo

Mhadhara kwa wazazi wazungumzaji wa Kiswahili, Columbia, Missouri

Wazee wangu, wazazi wenzangu, na vijana mliokubali kuacha simu zenu kwa saa moja, shikamooni na karibuni. Nimeombwa nieleze jinsi mzazi mwenye kipato cha kawaida anavyoweza kumpeleka mwanawe kuwinda bata mzinga wa porini mwezi wa Aprili bila kuingia kwenye deni. Msimamo wangu nautaja mapema, kwa kuwa ndio utakaoamua kila hesabu nitakayoigusa: safari hii hupimwa kwa subira ya mtoto. Mtoto wa miaka minane hutulia dakika arobaini, pengine saa moja akiwa na biskuti mkononi, na mzazi anayelipia hoteli siku nne amenunua muda ambao mtoto hana uwezo wa kuutumia.

Nayasema haya kwa kuwa niliyapata kwa hasara. Mwaka wa kwanza nilipomchukua binti yangu nilinunua ndege bandia watatu wa kuwavutia wale wa kweli, nguo mpya za mabakamabaka za watu wawili, na begi lenye mifuko mingi ambayo hadi leo sijui yote ni ya nini. Bunduki niliazima, nayo ilikuwa ya mtu mzima. Dume alikuja kweli, akatanua mkia mbele yetu kama hatua ishirini na tano, lakini binti yangu hakuweza kutuliza kitako cha bunduki begani, na ndege akaondoka zake taratibu. Vitu vyote nilivyonunua havikutusaidia kwa lolote. Kitu kimoja nilichokichukua bila kukipima ndicho kilichotuangusha.

Kwa hiyo nianze na bunduki. Kwa mtoto, bunduki ya marisau ya geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) yenye kitako kifupi inatosha, na kwa aliye mdogo zaidi wapo wanaotumia ya .410, ambayo mtutu wake ni mwembamba zaidi. Ili kujua kama kitako kinamfaa, mkunje mtoto mkono kwenye kiwiko kama pembe ya meza, uweke mwisho wa kitako kwenye kikunjo cha kiwiko, kisha utazame kama kidole chake kinafika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Azima kabla ya kununua, kwa sababu mtoto atakua na kitako hicho kitakuwa kifupi baada ya misimu michache. Risasi za tungsteni, madini mazito kuliko risasi-madini, zinasifiwa sana lakini ni ghali mno. Risasi za kawaida za risasi-madini zinaua vizuri ikiwa mtoto amefundishwa kusubiri hadi ndege awe ndani ya hatua thelathini na kulenga pale shingo inapoanza kuota manyoya. Hapa Missouri punje za ndani ya risasi zisizidi ukubwa wa namba 4, na kumbuka kwamba namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa. Mazoezi yafanywe kwa risasi nyepesi zisizosukuma bega, na masikio yazibwe, maana mtoto aliyeumizwa na bunduki mara moja ataiogopa mwaka mzima.

Sasa ardhi, ambayo wengi wetu tunadhani ni lazima tuilipie. Mwaka 1976 wapigakura wa jimbo hili walipitisha kodi ya mauzo ya sehemu moja ya nane ya asilimia moja kwa ajili ya hifadhi ya wanyama na misitu, maana yake ni kwamba kila dola nane unazotumia dukani senti moja inakwenda huko. Wewe uliyenunua unga na mafuta ya kupikia umekwisha kuchangia maeneo ya hifadhi ya umma, na mengi kati yake unaweza kuwinda humo bila kulipia ardhi. Zaidi ya hapo upo msitu wa taifa wa Mark Twain, wenye takribani ekari milioni moja na nusu, nyingi zikiwa kusini mwa jimbo, ambao kipande chake cha Cedar Creek kiko karibu sana na mji huu kiasi kwamba mtu anaweza kulala nyumbani kwake, akanywa chai saa tisa na nusu usiku, na kuwa ameketi chini ya mti kabla ya mapambazuko. Anayependa kulala porini anaweza kupiga hema bila malipo katika sehemu kubwa ya msitu huo. Soma tu kibao cha kila eneo, kwani si maeneo yote ya hifadhi yana kanuni zinazofanana.

Kwamba ndege hao wapo hata tuwazungumzie ni jambo la kushukuriwa. Ukataji wa misitu na uwindaji usio na mipaka uliwamaliza karibu wote, hata jimbo likafunga uwindaji wao mwaka 1937. Jimbo lilijaribu kuwaachilia porini ndege waliofugwa bandani, lakini hao hawakustahimili maisha ya porini. Kilichofaulu ni kuwanasa ndege mwitu wenyewe kwa nyavu na kuwahamishia sehemu nyingine, na mwaka 1960 msimu wa kwanza wa zama hizi ukafunguliwa kwa siku tatu tu.

Kuhusu sheria, sikilizeni kwa makini. Jimbo hutenga mwisho wa juma mmoja wa Aprili, kabla ya msimu wa kawaida, kwa ajili ya watoto wa miaka 6 hadi 15, na kibali chao ni karibu nusu ya bei ya kibali cha mkaazi mtu mzima. Mtoto asiye na cheti cha mafunzo ya uwindaji lazima awe ubavuni mwa mtu mzima mwenye kibali chake mwenyewe na, ikiwa amezaliwa tarehe 1 Januari 1967 au baadaye, mwenye cheti. Anayeruhusiwa kuuawa ni dume, au ndege mwenye kishada cha manyoya kifuani kinachoonekana wazi kama ndevu. Nao ndugu zetu walioko hapa kwa viza za muda, wakiwemo wanafunzi, wajue kwamba sheria ya shirikisho inawakataza kushika silaha, isipokuwa katika hali chache, mojawapo ikiwa kuwa na kibali halali cha uwindaji. Jambo hilo lithibitishwe na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya mkono kugusa bunduki, na si na rafiki.

Fedha utakazookoa utazilipa kwa Jumamosi za Machi, na hapa ndipo mtoto anapofaidi zaidi. Nendeni pamoja alfajiri bila bunduki, msimame juu ya kilima na kusikiliza madume yanavyolia kutoka kwenye miti wanayolala. Mtoto atafute manyoya, nyayo, na majani yaliyoparuliwa, kisha atie alama kwenye ramani ya karatasi. Kifaa cha kuitia kiwe kile kisanduku cha mbao chenye kifuniko cha kukwaruza, kwa kuwa mtoto hukiweza siku hiyo hiyo, majirani watavumilia.

Badala ya nguo mpya, nguo kuukuu za kijani na kahawia zinafaa, pamoja na kihema cha kujifichia, ambacho ndicho kifaa pekee ninachoona kinastahili bei yake, kwa sababu mtoto atajikuna, atakula, na atageuka ndani yake bila ndege kumwona. Asivae chochote chekundu, cheupe wala cha buluu, hata soksi, kwani hizo ni rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwingine anaweza kumdhania ndege. Kofia yenye bendera ya nchi hii ibaki nyumbani. Msiufuate kamwe mlio wa ndege kwa kunyatia, maana huenda anayelia ni mwindaji mwingine. Mkimwona mtu, msipunge mkono. Semeni kwa sauti kubwa. Na jioni mkague mtoto kupe, nyuma ya magoti na kwenye nywele.

Mkifanikiwa, kibali kinatiwa alama papo hapo na ndege anaripotiwa kabla ya saa nne usiku wa siku ile ile. Kifua kinakaangwa haraka. Mapaja ni magumu, hivyo yachemsheni saa tatu kwa moto mdogo kabla ya kutia tui.

Kihema changu nitakiazimisha, familia moja kila asubuhi, na daftari la zamu liko pale mlangoni. Jumamosi ijayo leteni watoto tuwapime mikono. Nitakuja na fimbo ya ufagio niliyoikata kwa urefu wa vitako vitatu.