Msizibe Tundu la Teleka Mwezi wa Mei

Mabibi na mabwana, ndugu zangu mnaoishi hapa Uingereza, jambo hili nalisema kila ifikapo Mei na leo nalirudia: chungulieni chini ya upenu wa paa kabla fundi hajapanda ngazi. Teleka wamekwisha kurudi. Ndege hawa weusi wenye mabawa kama mundu walikuwa juu ya misitu ya Kongo sisi tulipokuwa tukijifunika mablanketi, na sasa kila jozi inalitafuta tundu lile lile la mwaka uliopita.

Mwishoni mwa Mei mwaka juzi, jirani yangu mmoja alikarabati paa lake, na fundi akaziba kwa saruji ufa usiozidi upana wa vidole viwili. Jioni ile teleka wawili walirudi kwa kasi yao ya kawaida, wakaugonga ukuta, wakazunguka juu ya barabara, wakaja kuugonga tena. Nami nikasimama bustanini hadi giza likaingia, na siku ya tatu bado nilisikia kucha zao zikikwaruza saruji. Mtaniambia waende kwingine. Waende wapi? Teleka ni nadra sana kujenga mtini, wala hatui ardhini kwa hiari yake, kwa kuwa miguu yake mifupi imeumbwa kwa kung'ang'ania ukutani. Hula, hunywa na hulala angani, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi walionyesha mwaka 2016 kwamba baadhi yao hukaa hewani miezi 10 bila kutua. Kwetu wanahitaji tundu tu, tena kwa miezi mitatu.

Wapo wanaolalamikia uchafu. Kiota chenyewe ni manyoya na nyasi zilizodakwa hewani na kugandishwa kwa mate! Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika, na tangu 2021 teleka wamo katika orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza, yaani ya wale wanaotia wasiwasi zaidi, kwa kuwa idadi yao imepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1995. Kazi ya paa na ingoje Septemba, watakapokuwa wamekwisha kuondoka.

Nilikusudia kuzungumzia pia shomoro na beseni la maji, lakini muda umekwisha. Mkimkuta teleka ameanguka, msimrushe angani. Mwekeni katika sanduku lenye matundu ya hewa, mahali penye giza na utulivu, kisha mpigieni simu mtunzaji wa ndege walioumia.