Nguruwe mwitu shambani: ukipiga mmoja umeharibu kazi

ZAWADI: Haya wapendwa karibuni tena kwenye kipindi. Leo nguruwe mwitu, na sio ngiri jamani, msije mkatuandikia. Nasema hawa wa asili ya Ulaya na Asia ambao binadamu aliwabeba akawapeleka wasikokuwepo, Marekani, Australia, Brazili, na sasa wenye mashamba wanalia. Musa, tuanzie wapi kaka?

MUSA: Tuanzie kwenye bunduki, maana ndo kitu cha kwanza mtu anakimbilia. Ameamka asubuhi anakuta shamba limefukuliwa lote kama lilipita trekta usiku, hasira zimempanda, anasema leo nakesha. Anakesha kweli, anapiga mmoja, anapiga picha anatuma kwenye grupu, watu wanampongeza. Na hapo ndo kajiharibia.

ZAWADI: Kajiharibiaje sasa wakati kapunguza?

MUSA: Kapunguza mmoja kwenye kundi la kumi na tano. Hao waliobaki wametawanyika, wamehama kwa jirani wiki mbili tatu, na wamejifunza. Nguruwe ana akili usipime. Ukimtisha usiku wa mbalamwezi kwenye kona ile ya shamba, kona ile haji tena saa zile, atakuja saa nyingine kwa njia nyingine.

ZAWADI: Lakini si wakija wawindaji wengi watawamaliza? Mi naona ni swala la idadi tu.

MUSA: Hilo lilishajaribiwa dada yangu. Tennessee kule Marekani, 1999 walifungua milango, kila mtu awinde jimbo zima, mwaka mzima, hakuna kikomo cha idadi. Unajua kilichotokea? Nguruwe ndo wakasambaa kuliko wakati wowote. Kwa sababu uwindaji ukawa mchezo, watu wakaupenda, wakaanza kuwabeba nguruwe hai kwenye pikapu usiku wanaenda kuwaachia karibu na kwao ili wasisafiri mbali kuwinda.

ZAWADI: Acha! Yaani mtu anakuletea msiba makusudi?

MUSA: Makusudi kabisa. Na mwenye shamba jirani wala hajui wametokea wapi, anaona tu wameshafika. 2011 jimbo likageuza, likasema huyu sio mnyama wa kuwindwa kwa starehe tena, ni mharibifu. Na Missouri nao kwenye maeneo yao ya hifadhi wanakwambia ukimwona usipige, toa taarifa.

ZAWADI: Aisee. Na hesabu ya kuzaliana ikoje, maana nasikia ni hatari.

MUSA: Mimba siku 115 hivi. Jike anaweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka, anazaa watoto wanne, sita, wakati mwingine zaidi, na akipata chakula kizuri anarudia tena ndani ya mwaka huohuo. Ndo maana wataalamu wanasema inabidi uondoe karibu asilimia 70 kila mwaka, na hiyo ni ili wasiongezeke tu, sio kwamba wanaisha. Marekani peke yake wanakadiriwa zaidi ya milioni 6, na wizara yao ya kilimo inasema hasara kwenye kilimo ni kama dola bilioni 2.5 kwa mwaka.

ZAWADI: Bilioni! Wanakula nini hivyo?

MUSA: Kila kitu, hadi watoto wa mbuzi na kondoo. Ila kinachouma zaidi ni mahindi yaliyopandwa jana. Anaingia kwenye mstari, anaweka pua, anafuata mstari uleule anatoa mbegu moja moja mpaka mwisho wa shamba, anageuka anashika mstari wa pili. Asubuhi unaona vishimo vimepangana vizuri utadhani umepandia wewe.

ZAWADI: Haya nipe dawa basi.

MUSA: Mtego mkubwa, na subira. Sio kale kasanduku ka nguruwe mmoja, nasema zizi la wavu mgumu, duara. Lazima duara, kwa sababu ukiweka kona watajirundika pale, mmoja anapanda mgongo wa mwenzake anaruka nje. Unamwaga mahindi, geti unaliacha wazi, halafu hufanyi kitu. Unaweka kamera inayotuma picha kwenye simu na unaanza kuwahesabu.

ZAWADI: Hufungi hata wakiingia?

MUSA: Hufungi! Hapo ndo watu wanashindwa, roho inawatoka. Usiku wa kwanza wataingia watoto, hawana wasiwasi wale. Majike yanafuata. Halafu utaona kwenye picha kuna jike moja zee limesimama nje ya geti, pua imeelekea ndani, miguu haiingii. Ukifunga siku hiyo umepata wengi lakini lile zee limeona kila kitu, na mtego wa namna ile haliingii tena. Kwa hiyo unaongeza mahindi unangoja hadi nalo lizoee, ndo unabonyeza simu geti linashuka. Familia nzima kwa mpigo, hakuna wa kwenda kusimulia.

ZAWADI: Na madume?

MUSA: Dume kubwa linatembea peke yake, hilo ndo la bunduki sasa, baada ya mtego. Sijasema bunduki itupwe, nasema ina zamu yake. Kule kisiwa cha Santa Cruz, California, walitoa nguruwe zaidi ya 5,000 kati ya 2005 na 2006, mitego kwanza, kisha helikopta, na mwisho wakawafunga majike kola za redio, yaani mikanda ya shingoni inayotuma ishara kuonyesha mnyama alipo, wakawaachia. Nguruwe hapendi upweke, anaenda kuwatafuta wenzake waliojificha, na wewe unafuata redio.

ZAWADI: Usaliti huo bwana! Sumu je? Watu wengi wataniuliza.

MUSA: Ipo, Australia wanatumia. Mi siipendi sana, nguruwe anakula ovyo anamwaga makombo, na jaribio moja Texas 2018 ndege waliokota hayo makombo wakafa.

ZAWADI: Na mwenye kabustani kadogo, hana hela ya zizi wala kamera?

MUSA: Waya wa umeme, nyuzi mbili zinatosha kukalinda, ila wa chini uwe usawa wa pua yake, maana anatanguliza pua, ukiuweka juu anapita chini na ngozi ile nene wala hasikii. Na fyeka majani chini ya waya, yakigusa tu umeme unapotea ardhini. Halafu ukiua, glavu kabla hujapasua, wana brusela hawa, ugonjwa wa bakteria, na inaingia kwa binadamu kupitia kidonda kidogo tu.

ZAWADI: Glavu jamani, mmesikia. Wiki ijayo tunaendelea, maswali tumeni mapema.