Wifi, kaka na vyumba vya dada watatu

Asanteni, nyie wa nyuma sogeeni, huku mbele viti vipo. Leo tuongelee Dada Watatu ya Chekhov, mwandishi Mrusi, ile tamthilia iliyochezwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1901. Wengi mmeshaambiwa ni wadada wanaolilia kwenda Moscow na hawaendi, basi watu wanasema ah, wavivu tu hao, wangepanda treni. Mimi nakataa kabisa, na naomba muangalie kitu kimoja, vyumba.

Mwanzo nyumba ni yao, Olga, Masha na Irina. Baba yao jenerali ametimiza mwaka tangu afariki, ni sikukuu ya mtakatifu ambaye Irina kapewa jina lake, ana miaka 20, kavaa nyeupe, na mpango upo wazi, wauze nyumba warudi Moscow walikotoka miaka 11 nyuma, na kaka yao Andrei akawe profesa huko. Sasa Andrei anamuoa Natasha. Wifi anaanza taratibu, Irina mpenzi chumba chako kikavu kina jua, mwanangu Bobik kwake kuna baridi, we hamia kwa Olga kwa muda. Kwa muda! Halafu anataka yaya Anfisa afukuzwe, bibi wa miaka 80 aliyewatumikia miaka 30, eti hana kazi tena. Sehemu ya nne yote inachezwa nje bustanini, Olga kashahamia shuleni na Anfisa wake, Masha anasema humo ndani haingii.

Watu wanamlaumu wifi, mimi uchungu wangu uko kwa kaka. Nyumba ilikuwa ya wote wanne, yeye kacheza kamari, madeni yakamzidi, kaiweka rehani benki bila kuwauliza dada zake na hela kachukua mkewe. Sasa Moscow unaenda na nini? Safari ilikufia hapo, kwenye saini ya ndugu yako wa damu, mtu unayekula naye meza moja na bado unamsubiri awe profesa. Naye kaishia mjumbe wa halmashauri chini ya Protopopov, na huyo Protopopov mji mzima unajua anatoka na Natasha.

Kuna pale usiku mji unapoungua moto, Irina ana miaka 23, kashafanya kazi telegrafu, sasa yuko halmashauri, anachoka tu, anaanza kulia anasema nimesahau dirisha kwa Kiitaliano linaitwaje. Jamani. Baba yake aliwasomesha lugha hizo kwa nguvu, na sasa neno moja moja linamtoka kama vile vyumba vilivyowatoka. Kila nikifika hapo nafunga kitabu kwanza.

Na mwisho Irina anaaga kesho aondoke, Natasha kashapanga, chumba chake ataingia Andrei na fidla yake akapigie huko, chumba cha Andrei apewe mtoto Sofochka, na ile miti ya bustanini ikatwe. Andrei hasemi kitu. Pazia linafungwa yeye anasukuma kigari cha Bobik.