Nani Amechafua? Mhadhara Kuhusu Kitenzi Kimoja cha Mazingira

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa kunipa nafasi. Nitazungumzia kitenzi kimoja tu, chafua, na jinsi tunavyokitumia tunaposema habari za mito, bahari na hewa.

Chafua ni kukiondolea kitu usafi wake. Kina jirani yake, tibua. Anayetibua maji huyavuruga matope yakapanda juu, na maji yakiachwa yatulie, matope hushuka na maji hurudi kama yalivyokuwa. Kuchafua hakuna ahadi hiyo. Kumeingia kitu kisichostahili kuwemo, na pengine hakitoki. Ndiyo maana nashtuka ninaposikia kiwanda "kimetibua" mto kwa kemikali.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hii kauli ya kutendeka: chafuka. Sarufi inatufundisha kwamba kikombe kikivunjika, hatuulizi nani. Kimevunjika, basi. Mvuvi akisema "bahari imechafuka" ana maana ya mawimbi na upepo, na yuko sahihi kabisa, kwa sababu hakuna mtu aliyeyaleta mawimbi hayo. Tumbo nalo huchafuka, na hali ya hewa pia.

Sasa tazameni. Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez iligonga mwamba huko Alaska, na mafuta ghafi lita zipatazo milioni 40 yakamwagika baharini. Mwandishi wa habari akiandika "bahari ya Alaska imechafuka", msomaji wa Kiswahili ana haki ya kudhani kulikuwa na dhoruba. Meli imetoweka katika sentensi. Nahodha hayumo, wenye meli hawamo. Hata imechafuliwa ina nafuu, kwani kauli ya kutendwa humwacha msomaji akiuliza: na nani? Imechafuka haimwachii swali lolote. Mimi naliona hili kuwa jambo zito, maana habari nyingi za mito na maziwa zimeandikwa kwa -ka.

Angalieni pia majina yanayozaliwa. Kutoka chafua tunapata uchafuzi, yaani tendo, na mchafuzi, yaani mtu. Kutoka chafuka tunapata machafuko, ambayo ni fujo na ghasia. Mtu hazaliwi humo. Azimio la Rio la mwaka 1992, tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, katika kanuni yake ya 16, linataka mchafuzi ndiye abebe gharama za uchafuzi wake. Kanuni hiyo haiwezi kuanza kazi mpaka mchafuzi ajulikane. (Na tafadhali, uchafuzi tusiuchanganye na uchafu. Uchafu hufagiliwa, uchafuzi hukomeshwa.)

Kuna kauli moja ninayoipenda kuliko zote, nayo ni ya kutendea: chafulia. "Wametuchafulia mto." Neno wametuchafulia peke yake lina waliotenda na waliotendewa. Mji wa Minamata, Japani, unahitaji kauli hii hasa. Kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso kilimwaga katika ghuba yake maji taka yenye zebaki. Zebaki ikaingia kwa samaki na kombe, na kwa wavuvi na jamaa zao walioishi kwa kula samaki hao. Watu walikufa ganzi mikono na miguu, walitetemeka, ulimi ukawa mzito, na watoto wakazaliwa na madhara hayo. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kiwanda kiliendelea kumwaga mpaka 1968. Nikisema "ghuba ilichafuka" nimewafuta wote, wenye kiwanda na wagonjwa. Nikisema "Chisso iliwachafulia wavuvi bahari yao", kila mtu yupo mahali pake.

Minamata inatufikisha kwenye ugumu wa mwisho. Kivumishi chafu kimezoea kutumikia jicho na pua: nguo chafu, mikono michafu. Zebaki ndani ya samaki haionekani wala hainuki. Hewa-ukaa, yaani kaboni dioksidi, vilevile haina rangi wala harufu, nasi wenyewe tunaitoa tunapopumua. Je, anayeitoa kwa wingi anachafua? Wamarekani walibishana juu ya swali hilo mpaka Mahakama yao ya Juu, na mwaka 2007 majaji walio wengi wakaamua kwamba gesi za aina hiyo, zinazozidisha joto duniani, zinaingia katika maana ya vichafuzi vya hewa iliyomo katika sheria ya nchi hiyo.

Kwa Kiswahili jibu langu ni ndiyo, na sioni kama tunakilazimisha kitenzi. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, hewa-ukaa ilikuwa kama 280. Leo imepita 420, na ziada hiyo imetokana hasa na makaa ya mawe, mafuta na gesi tunayochoma, pamoja na misitu tunayofyeka. Kitu kimezidi mahali pake kwa mkono wa mtu, na kinadhuru. Masharti yote ya chafua yametimia, hata kama mbingu ni nyeupe na hakuna moshi unaoonekana.