Kabla ya Kudai Jina la Ugonjwa

Ndugu wazazi na walimu wenzangu, nimelisema jambo hili katika vikao vingi na leo nalirudia: mtoto anayeziba masikio kengele ya shule inapolia, au anayelia kila akivishwa sweta ya sare, hadeki, wala hakukosa viboko. Sauti na miguso tunayoizoea sisi humfikia yeye kwa ukali unaomtesa. Wapo pia ambao hisia huwafikia kidogo mno, na hao ndio wanaojigongagonga ukutani na kutafuna kola za mashati. Hali hii huitwa tatizo la kuchakata hisia.

Mtaalamu wa tiba kazi (tiba inayomsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku) wa Marekani, A. Jean Ayres, aliieleza hali hii katika kitabu chake cha mwaka 1972, lakini hadi leo haimo kama ugonjwa unaojitegemea katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, wala katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ambao toleo lake la mwaka 2013 liliiweka miongoni mwa dalili za usonji (autism). Kwa hiyo mzazi anayezunguka kliniki moja hadi nyingine akidai aandikiwe jina hilo anajichosha, na mtoto anaendelea kuumia.

Mtaniambia kwamba bila jina shule haitawasikiliza. Nakataa! Mwalimu anaweza kumhamisha mtoto mbali na kengele bila cheti cha daktari yeyote.

Nendeni hospitali na maelezo, si na hukumu. Andikeni kilichotokea, mahali, saa, kilichotangulia na kilichomtuliza. Ukisema “mtoto wangu msumbufu”, daktari hana pa kuanzia. Ukisema “hulia tukipanda matatu yenye muziki, hunyamaza tukishuka”, umempa kazi ya kufanya. Kisha sisitizeni masikio na macho yapimwe kwanza, kwa sababu mtoto asiyeitika huenda hasikii, na nimechoka kuona watoto wakitajiwa usonji kabla ya kupimwa usikivu. Baada ya hapo ombeni rufaa kwa mtaalamu wa tiba kazi, naye atazame jinsi mtoto anavyovaa, anavyokula na anavyocheza. Hapa Kenya, vituo vya tathmini ya elimu vimekuwapo tangu mwaka 1984, vitumieni.

Muda umeniishia, na suala la chakula sijaligusa. Itoshe kusema kwamba mtoto anayekubali vyakula viwili au vitatu tu asisubiri tathmini hiyo: apelekwe kwa daktari sasa, apimwe uzito na damu.