Ukuta wa Hadrian kutoka angani: mama, ule mstari ndio wenyewe

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo? Sauti mnayoisikia nimeirekodi leo sebuleni kwangu, South Shields, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Kule ndani ya ndege niliyopanda kuutazama ukuta wa zamani wa Warumi nilirekodi pia, lakini ukisikiliza ni injini inanguruma na mimi nasema "jamani, jamani, jamani" mara arobaini. Kwa hiyo picha ni za Jumapili, maneno ni ya leo.

Mliowahi kuruka Dar kwenda Unguja kwa vile vindege vya propela mnadhani mnajua udogo. Hiki ni cha injini moja, viti vinne, na mlango wake unafungwa kama wa jokofu. Dada mmoja ninayefanya naye kazi mumewe ana leseni ya urubani. Tukachangiana mafuta, tukaondoka saa saba mchana kwenye kiwanja cha majani karibu na Carlisle. Kabla ya hapo nilikuwa na mpango wa droni, ukafa. Sehemu ya katikati ya ukuta, ile yenye sura, iko mikononi mwa wahifadhi na hurushi kitu bila kibali. Halafu sheria ya hapa inakuwekea mwisho mita 120 kwenda juu, na ukuta una urefu wa kilomita kama 117. Utarusha, utachaji betri, utarusha, utazeeka.

Nikamtumia mama kipande cha video kwa WhatsApp, Tanga. Akajibu: "Nimeona majani. Ukuta uko wapi?"

Nilicheka, kisha nikaifuta video niliyokuwa nimeshaihariri nikaanza upya, maana mama ameuliza la maana. Ukienda kwa miguu pale kwenye vituo vya watalii utaonyeshwa mawe, utapiga picha, utarudi umeridhika. Ukipanda juu ndiyo unagundua kwamba mawe yamebaki kidogo sana.

Nianze na pale tulipogeukia, Chesters, kwa sababu mbele yake anga ni ya ndege kubwa za Newcastle na rubani wangu hataki kesi. Tazameni hiyo barabara nyeusi inayokwenda mashariki, imenyooka kama imepigwa rula. Mama, ule mstari ndio wenyewe. Ukuta uko chini ya lami. Mwaka 1745 waasi walishuka kutoka Uskochi, na jeshi la serikali lililokuwa Newcastle likashindwa kuvuka nchi kwenda Carlisle kuwazuia kwa ubovu wa njia. Miaka ya 1750 wakaamua wajenge barabara ya kijeshi. Mawe wayatoe wapi? Si yako pale, yamepangwa tayari, na msingi umeshakazwa! Wakaubomoa, wakaponda, wakatandaza juu yake. Leo malori ya maziwa yanapita juu ya kazi ya legioni tatu, vile vikosi vikubwa vya jeshi la Kirumi.

Legioni ndiyo, maana sijasema ni ukuta gani. Kaisari Hadrian alifika Britania mwaka 122, na ujenzi ukaanza kipindi hicho, kutoka mto Tyne huku mashariki ninakokaa hadi maji ya Solway kule magharibi. Na tafadhali msiniambie ni mpaka wa Uingereza na Uskochi. Hata wenyeji wanakosea hilo. Mpaka wa leo uko kaskazini. Upande wa mashariki, kutoka ukutani hadi mpakani ni karibu kilomita mia.

Sasa hapa simamisha video. Ilikuwa Februari, na huku Februari jua halipandi, linatambaa ukingoni kama mtu anayekwepa kuamkia wakubwa. Kila kijituta kinatupa kivuli. Mnaona kama matuta mawili marefu ya viazi yanakimbia sambamba, katikati kuna mtaro? Huo unaitwa Vallum. Mtaro wenyewe ulikuwa na upana wa mita sita hivi na kina cha mita tatu, na ukijumlisha na matuta yake ya pande zote mbili unapata kama mita 36. Uko kusini ya ukuta, yaani upande wa Warumi wenyewe. Unanyooka maili na maili, na ukifika kwenye ngome unakunja kiuno, unaizunguka kwa nyuma, kisha unaendelea na safari. Nimeishi huku miaka sita, nimepanda basi linalopita hapo pembeni zaidi ya mara kumi, sikuwahi kuuona. Ukiwa chini ni bonde la kondoo tu. Kutoka juu ndilo jambo kubwa kuliko yote, kubwa kuliko ukuta.

Rubani akaniambia kwa kelele kwamba kiangazi cha ukame ndicho kizuri zaidi. Mazao yaliyoota juu ya mtaro wa zamani yanapata udongo mzito na unyevu, yanabaki kijani na marefu. Yaliyoota juu ya msingi wa mawe yananyauka mapema. Shamba la shayiri linajichora lenyewe. Mtu wa Muheza hilo haliwi geni, tunajua mchungwa uliopandwa juu ya mwamba unavyokasirika.

Sasa majabali. Dakika ya nne hapo. Mwamba mweusi umeinuka kama wimbi lililogandishwa, upande wa kaskazini umekatika wima, na ukuta unapita juu kwenye ukingo, unapanda, unashuka. Sehemu ya juu kabisa, Winshields, ni mita 345 kutoka usawa wa bahari. Hapa mawe yapo, na kwa hilo mshukuruni mzee mmoja wa karne ya 19, John Clayton, karani wa mji wa Newcastle, aliyekuwa akinunua mashamba yenye ukuta moja baada ya jingine ili watu wasiendelee kuchota mawe. Pengo lile tupu kati ya vilima viwili ndipo ulipokuwa mti maarufu, ule uliokatwa kwa msumeno usiku mmoja wa Septemba 2023. Kisiki kimechipua. Basi, tuendelee.

Hiyo yenye umbo la kipande cha sabuni kilichoanza kutumika, pembe zimelika, ni ngome ya Housesteads. Karibu hekta mbili. Walikaa humo askari wapatao mia nane, kikosi kilichoandikishwa kwa Watungri, huko Ubelgiji ya sasa. Mnaona ghala lake? Sakafu iliinuliwa juu ya vijinguzo ili upepo upite na nafaka isioze. Bibi yangu asiyejua kusoma alijenga kihenge kwa akili hiyohiyo. Na pale kona ya chini ni choo, cha watu wengi kukaa pamoja bila kizuizi katikati. Haya, hatuendelei zaidi hapo.

Kilichonikaa rohoni ni vile visanduku vidogo. Kila maili ya Kirumi, ambayo haifiki kilomita moja na nusu, waliweka kijingome, na katikati ya vijingome minara miwili. Amri ilisema kila maili, basi ni kila maili. Kile cha Cawfields kimebandikwa kwenye mteremko wakati hatua chache pembeni kuna upenyo mzuri wa tambarare. Nani atambishia Kaisari? (Hilo ziwa linalong'aa hapo ni shimo la machimbo. Wachimba kokoto wameula ukuta pamoja na kilima chake.)

Sasa, kijingome kina mlango kusini na mlango kaskazini. Pigeni hesabu. Ni kama mapito themanini ya kuvukia ukuta! Mtu anayetaka watu wasipite kabisa haweki mlango kila mwendo wa dakika ishirini. Wataalamu wengi wanaona kazi mojawapo ya ukuta ilikuwa kuchuja: nani anapita, amebeba nini, ana mifugo mingapi. Nikakumbuka Horohoro, wale mama wenye matenga ya machungwa wakisubiri kuvuka kwenda Mombasa, na kijana mwenye daftari anaangalia tenga, anamwangalia mama, anaangalia tena tenga.

Kuna mwandishi wa zamani wa Kirumi aliyesema ukuta ulijengwa kutenganisha Warumi na washenzi. Neno hilo sisi watu wa pwani tunalijua vizuri, tumewahi kuwaita nalo wenzetu wa bara, tusijifanye watakatifu. Na pale Vindolanda, kusini kidogo ya ukuta, mahali palipokuwa na ngome hata kabla ya Hadrian, tangu 1973 wanachimbua vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino. Kimoja kinawaita wenyeji "Brittunculi". Kiswahili hakisumbuki hapo, tunayo ngeli yake kabisa: vijitu vya Britania. Kingine kinataja mtu katumiwa soksi, jozi mbili za makubazi na jozi mbili za nguo za ndani. Kingine askari analalamika wenzake hawana bia. Yaani ujumbe wa kundi la WhatsApp la Watanzania wa Newcastle, tofauti ni kwamba sisi tunaagiza dagaa.

Tukageuka magharibi, jua likitupiga usoni. Mawe yakaisha. Huku ukuta ulianza kwa matofali ya udongo wenye majani, baadaye ndiyo ukawekwa mawe, na mawe yenyewe yakaishia kwenye makanisa na mabanda ya ng'ombe. Nikamwomba rubani azunguke kijiji kimoja, Burgh by Sands. Akauliza, "Hapa pana nini?" Hapana kitu. Nyumba, kanisa la mawe ya kuchota ukutani, makaburi, ng'ombe. Lakini chini yake kuna ngome iliyoitwa Aballava. Jiwe lililopatikana Beaumont, kijiji cha jirani, la kati ya miaka 253 na 258, linataja kikosi kilichokaa hapo: Numerus Maurorum Aurelianorum. Wamauri, watu wa Afrika Kaskazini, Moroko na Aljeria za leo. Najua kwenye maoni mtaanza "walikuwa weusi, hawakuwa weusi". Jiwe halisemi rangi. Linasema walipotoka, na walipotoka ni Afrika.

Na si wao peke yao. Hapa South Shields, mwendo wa miguu kutoka kwangu, palikuwa na ngome ya Arbeia. Kwenye makumbusho yake kuna jiwe la kaburi la kijana aitwaye Victor, Mmauri, miaka 20, aliyekuwa mtumwa wa askari wa farasi aitwaye Numerianus, kisha akaachwa huru. Wamemchonga amejinyoosha kitandani na kikombe mkononi, mtoto anamhudumia. Miaka ishirini! Kaisari Septimius Severus naye alizaliwa Leptis Magna, Libya, akaja kupigana kaskazini ya ukuta mwaka 208, akafia York mwaka 211. Sisi Tanga tunasema "waja leo waondoka leo". Hawa walikuja, ukuta ukalindwa karibu miaka mia tatu, na waliosimama kwenye malango kuuliza wengine "unakwenda wapi" walikuwa Wamauri, Watungri, Wahispania. Wageni watupu.

Mama ameomba viza mara mbili aje anione. Mara mbili barua imerudi na neno lilelile. Ndiyo maana namtumia picha.

Mwisho ni Bowness, ukuta unaishia kwenye matope ya Solway, maji yametoka, mchanga umejikunja kama Raskazone bahari ikikupwa. Ng'ambo ile ni Uskochi. Tukatua vidole vyangu haviwezi hata kubonyeza simu.

Na mama, yale madoa meupe ni kondoo, si mawe. Umeniuliza mara tatu.